Udongo wa Edith

Kila Ijumaa, ambayo kwa Wakristo wa Doha ndiyo Jumapili, Edith alimaliza kupiga pasi saa mbili asubuhi. Asha, Mzanzibari aliyefanya naye kazi nyumba moja, alimwambia, "Nenda, shoga. Sufuria nitasugua mimi." Asha hakuwa Mkristo, lakini soksi nene ambazo Edith alivaa ili kukanyagia vibao vya chini vya kinanda cha kanisa la Abu Hamour zilikuwa zake.

Mwezi wa Machi mwaka 2010 mama yake Edith alifariki kwao, karibu na Kisumu. Kwa miaka ishirini mama huyo alikaa nyuma ya kinanda kikuukuu cha kanisa lao akivuta mpini wa mivukuto, ili binti yake apate upepo wa kupigia. Alichokipenda zaidi ni rapsodia moja, muziki wa kinanda peke yake, iliyotungwa karibu miaka mia iliyopita, isiyo na neno hata moja. Alisema azikwe nayo, na Edith ndiye aipige.

Edith akaenda kuomba khuruji, kile kibali cha kutoka nchini.

"Wageni wakishaondoka," alisema Madamu, mwajiri wao. Akamkumbatia, akamletea maji kwa mkono wake mwenyewe. Paspoti ikabaki kabatini.

Mazishi yalikuwa Ijumaa, saa nne. Saa za Doha na za kwao ni zile zile. Edith alivaa soksi, akafungua ukurasa wa kwanza, akapiga. Pale Abu Hamour hakikusikika kitu. Waumini walikaa dakika kumi na moja wakitazama mikono na miguu yake, wakisikia viyoyozi tu. Mchungaji Wesley alinyanyuka akavizima, visimsumbue.

Mchana kaka yake, Maurice, akapiga simu.

"Tumekusikia, dada. Kanisa zima. Ila kwenye ukurasa wa nne umekimbia."

"Nani alivuta upepo?"

"Mama. Jeneza liko pale mbele, na mpini unapanda na kushuka."

"Basi ni yeye aliyechelewa. Ukurasa wa nne alikuwa akichoka."

"Ulikimbia, bwana. Usimsingizie marehemu."

Edith alicheka, kisha akalia, na Asha akamshikia simu sikioni.

Madamu alipoelezwa alifurahi kwa dhati. "Alhamdulillahi! Umeona? Umemzika mama yako bila kusafiri." Wageni walipoondoka, habari ya khuruji haikuzungumzwa tena. Mwezi uliofuata Asha naye aliomba kwenda kumwona mwanawe Unguja. Madamu alimuuliza, kwa upole, kama hawezi kujifunza kinanda.

Kwao Edith, kila mtoto humtupia mzazi wake konzi ya udongo kaburini. Maurice alitupa yake tu. Ya dada yake aliiweka kwenye bakuli la mama yao, akaifunika kwa kitambaa. Kila Ijumaa huinyunyizia maji kidogo, isikauke.