Mate ya Mama Naomi

Mama Naomi alidondoshea mchuzi wa maharage kiganjani, akaulamba. Hakusikia chumvi, akaongeza. Naomi, bintiye, alitema tonge la kwanza.

"Mama, umemwaga pakiti nzima?"

Miwa yao ilikuwa imelala shambani Ruaha, imeshaungua. Ndivyo inavyovunwa huku: shamba huchomwa moto majani yaishe, kisha miwa hukatwa na kupakiwa upesi kabla haijaharibika. Gerald, mwenyekiti wa ushirika wao mdogo, ndiye aliyemwambia Mama Naomi achome, gari la kubeba miwa liko njiani. Gari likaenda kwa mdogo wake Gerald. Shamba hilo lililochomwa ndilo linalowalisha Mama Naomi na mwanawe, hawana jingine. Tangu hapo kinywa chake kilikauka, ugali ukawa haushuki bila maji.

Akapanda basi hadi Mikumi kwa daktari. Daktari alimkagua ulimi, akamwambia mtu akiwa na mawazo mate hupungua, na chakula kisipolowa mate ladha haisikiki.

"Sasa yameenda wapi?"

"Yatakuwa kwa mtu," alisema daktari, akinawa mikono. "Nani anakukosesha usingizi?"

Aliporudi alinyoosha moja kwa moja kwa Gerald. Alimkuta barazani anakula kuku, taulo shingoni, mate yakimchuruzika hadi kidevuni. Alikuwa amenenepa, tena bila aibu yoyote.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Naomi. Umefuata mate?"

"Nimefuata gari. Na mate."

"Mate yako ninayo. Ya Amon ninayo, na ya Abubakari pia, wale waliochoma pamoja na wewe. Sikuyaomba, yanakuja yenyewe. Ila chakula siku hizi kitamu, acha tu."

"Na gari?"

"Gari ni zamu, mama."

Hasira zilimpanda Mama Naomi. Hata hivyo alifungua khanga, akatoa kipande cha muwa wa shambani kwake, kimejaa masizi. Asubuhi alikuwa ametafuna kingine mwenyewe, asisikie ladha, asijue kama bado kuna cha kuokoa. Akampa Gerald.

Gerald alikimenya kwa meno, akatafuna taratibu, macho ameyafumba. Mate yalimjaa mdomoni, akameza.

"Huu ulikuwa mtamu sana," alisema. "Sasa umeshachacha. Kiwandani hawaupokei."

Mama Naomi aliketi kwenye ngazi. Aliumia, na hakuficha.

"Ulikuwa mtamu kuliko wa mdogo wako?"

"Kuliko," alisema Gerald, na alisema kweli. "Mbali kabisa."

Akajifuta mdomo, akampigia simu dereva, akamwelekeza apitie tena kwa mdogo wake, kuna kona ya shamba haijamalizika. Kisha akamsogezea mgeni sahani ya kuku, kwa maana ni vibaya kula peke yako mbele ya mtu. Mama Naomi alichukua paja, akala. Hakusikia kitu. Gerald, upande wa pili wa sahani, alisema kuku amekolea ndimu.