Mlango Uliohamia Upande wa Pili

Fundi seremala, ambaye mtaa mzima ulimwita Randa, alikuwa na bega la kulia lililozeeka kabla ya mwenyewe. Kwa hiyo aliposikia kuna mfuko wa kuinua maeneo yaliyobaki nyuma, na mafundi wa huko watapewa mashine za kurandia mbao, alichana ndevu akasubiri.

Akaja mpimaji na ramani yake, akaitandaza juu ya meza ya kazi.

"Mstari unapita hapa. Kushoto, eneo lililobaki nyuma. Kulia, lililoendelea."

"Hapa wapi?"

"Katikati ya nyumba yako, mzee. Safu yenu yote mstari umeikata hivyo hivyo."

Randa akageuza shingo. Huko kulia kulikoendelea ndiko paa lilikovuja.

Mkewe akachungulia kutoka chumbani. "Na kitanda je?"

Mpimaji akaingia, akapima kwa utepe. "Mama, wewe umebaki nyuma. Mzee ameendelea."

"Huyu? Tangu lini?" Mama wa watu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Sasa sisi tunahesabiwa wapi?" Randa akauliza.

"Pale penye mlango wa mbele. Wenu uko kulia. Poleni."

Mlango tu? Angeambiwa ahamishe kisima, sawa, angekata tamaa. Kesho yake aliung'oa na fremu yake, akatoboa ukuta wa kushoto, akaupachika huko, na pengo la zamani akaliziba kwa mbao.

Jirani yake muuza mkaa akapita, akarudi, akapita tena. "Randa, nyumba yako imenipa mgongo! Nimekukosea nini?" Alipoelezwa hakucheka. "Basi na mimi nihamishie."

Baada yake kinyozi, halafu safu nzima. Muuza mkaa alilipa kwa mkaa. Kinyozi alilipa kwa kunyoa, na kwa kuwa nyumba yake ilikuwa na milango miwili, Randa alinyolewa hadi nywele zikakata tamaa ya kuota. Bega nalo likawaka moto. Wageni wakawa wanapiga hodi kwenye kuta tupu.

Mpimaji aliporudi aliikuta barabara haina mlango hata mmoja. Akageuza ramani juu chini, akazunguka, akatokea uani kwa Randa penye msururu wa watu wa safu za jirani na milango yao.

"Nyumba zote zimepita," akasema, "isipokuwa hii."

"Mimi ndiye niliyeanza kuhama!"

"Mashine ni ya asiye na kazi. Wewe una foleni."

"Foleni ya mfuko wako huo huo!"

"Mzee, mimi naandika ninachokiona."

Mashine ya safu yao ikaenda kwa muuza mkaa, ambaye hakuwa na foleni na mlango wake ulikuwa na sifa zote. Jioni akaja amejikuna kichwa mpaka kikawa cheusi. "Fundi, lile dude linafanya nini?"

"Linaranda mbao. Niazime."

"Wamesema lisitoke nyumbani kwangu."

Randa akautazama ukuta uliotenganisha nyumba zao mbili, akaugonga kwa vidole, akasikiliza.

"Haliruhusiwi kutoka," akasema taratibu. "Je, mimi naruhusiwa kuingia?"

"Hawakukutaja."

Akachukua tindo kwa mkono wa kushoto, akaanza kutoboa mlango mwingine ukutani. Mkewe akashika kiuno. "Na yule bwana akirudi, utamwambia umeendelea au umebaki nyuma?"

"Sijui, mke wangu," akasema Randa, vumbi la ukuta likimdondokea kwenye upara. "Ataniona nimesimama mlangoni. Achague mwenyewe."