Duara la Kijani

Mlango wa mabati ulipigwa teke ukang'oka bawaba ya juu, na kabla Waruguru hajamtoa mtoto kwenye titi, Kimeli alikuwa ameshatupwa ndani kama gunia la viazi. Alianguka kifudifudi. Mikono yake ilikuwa imefungwa nyuma kwa kamba ya ng'ombe, sikio moja limechanika, na damu ilimchuruzika shingoni ikiloweka kola ya shati.

Nyuma yake aliingia Gachanja, shemeji yake Waruguru, pamoja na vijana watatu wenye mapanga.

"Washa hiyo kitu," Gachanja akasema. "Leo Kabiru atasema mwenyewe."

Kabiru, mumewe Waruguru, alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha la kile chumba chao cha kupanga mjini Kitale, amefungwa leso kifuani asije akateleza. Tangu panga lilipompata kisogoni katika zile vurugu za baada ya uchaguzi, mwili wake ulikuwa umezima wote. Alisikia, alielewa, machozi yalimtoka. Lakini ulimi haukusogea, na hata kope zake zilipepesa zenyewe zilivyotaka.

"Hiyo kitu" ilikuwa kazi ya Mukhisa, mwalimu wa masomo ya jioni aliyemfundisha Waruguru kompyuta. Mukhisa alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio kwao Bungoma, na siku moja aliwasimulia darasani kwamba huko ng'ambo wameanza kupitisha waya ndani ya ubongo wa mtu aliyepooza, naye akasogeza mshale kwenye kioo kwa kufikiria tu. Wanafunzi wenzake walicheka. Waruguru hakucheka. Alimfuata mwalimu mpaka Bungoma, binti yake Nyambu mgongoni, akamsumbua wee, hadi Mukhisa akaunganisha kompyuta kuukuu na vidude vya chuma vya kubandika kichwani, juu ya ngozi, visikilize yanayopita ndani.

"Hii programu ni kama mtoto, Mama Nyambu," alimwambia. "Haijui kitu. Ni kufundishwa tu. Sasa mzee wako afikirie kitu moja ya mikono, kitu anapenda, na aifikirie sana."

Kabiru alikuwa mfugaji. Basi Waruguru akamwambia akamue. Jumamosi baada ya Jumamosi alimnong'oneza: ndoo hii hapa, mafuta umeshapaka, chuchu ziko mkononi, vuta, vuta. Kompyuta ilitazama tu kama mgeni asiyejua lugha. Halafu siku moja duara la kijani likawaka kwenye kioo, na likawaka tena kila alipomwambia kamua. Kukamua ikawa ndiyo. Kutulia, kioo kikiwa cheusi, ikawa hapana. Kitu cha kwanza Kabiru alichokisema baada ya kimya chote kile kilikuwa ndiyo, alipoulizwa kama anataka alaliwe kifuani na binti yake. Waruguru alilia akakimbilia kanisani kuwaambia watu, na kwa furaha akasema neno ambalo sasa lilikuwa linamrudia mlangoni: kompyuta haina kabila, haina ndugu, haidanganyi.

Juma lililopita, nyumba ikiwa kimya, alimwuliza mumewe swali alilokuwa akiliogopa. Ni Kimeli alikukata? Kioo kikabaki cheusi. Ni Kimeli alikubeba mpaka barabarani? Duara likawaka.

Lakini watu wa Kiminini, walikokuwa wakiishi kabla ya vurugu, walikuwa wamemwona Kimeli, jirani yao, akitoka kwenye shamba la Kabiru na damu hadi viwikoni, kisha akapotea. Nani angeamini kwamba alitoroka kwa kuwaogopa watu wa kabila lake mwenyewe, ambao wangemuua kwa kuokoa mtu wa upande wa pili? Leo alikuwa amejitokeza sokoni Kitale, na vijana wakamtambua.

"Baba Nyambu alishaniambia si yeye," Waruguru akasema, akimlaza mtoto kitandani. "Huyu ndiye alimbeba, Gachanja. Nakuapia."

"Ulimwuliza wewe. Sasa ninamwuliza mimi."

"Na kompyuta haidanganyi," akadakia kijana mwenye kofia ya sufu. "Si ni wewe ulitwambia, mama? Ama sasa imeanza kuchagua?"

Wenzake wakacheka. Kijana akampiga Kimeli mdomoni kwa ubapa wa panga. Jino likaruka, likagonga sufuria.

"Ua tu," Kimeli akatema damu. "Mgongo wangu ulimbeba. Muulize huo mgongo."

Waruguru alipaka jeli na kubandika vile vyuma kwenye kichwa kilichonyolewa cha mumewe. Alisikia pumzi ya Kabiru inakimbia. Mshipa wa shingo ulimsimama kama kamba.

Gachanja aliinama mbele ya ndugu yake. "Kabiru. Ni huyu alikukata?"

Duara likawaka. Likawaka na kugoma kuzima.

Hapo Waruguru alielewa. Mikono iliyokuwa ndani ya kichwa cha Kabiru haikuwa inakamua. Ilikuwa imekunja ngumi, inampigania Kimeli, inataka kumng'oa chini ya yale mapanga. Kompyuta ilikuwa imefundishwa mikono. Haikufundishwa moyo. Ngumi na kukamua, kwake vilikuwa kitu kimoja.

Panga lilikuwa juu. Waruguru akajitupa juu ya Kimeli.

"Toka hapo, shemeji!"

"Muulizeni jina lingine kwanza!" Akageuza uso kwa mumewe. "Baba Nyambu! Ni mimi nilikukata?"

Duara la kijani likawaka.

Kisha mwenye kofia akapasuka: "Kumbe ni hawa wawili! Walipanga, bana!" Akamkamata Waruguru nywele, akamvuta kichwa nyuma. Panga likashuka. Waruguru akakinga kwa mkono, na nyama ya mkono ikafunguka nyeupe kabla ya kujaa damu. Nyambu akalia kitandani.

"Mwache!" Gachanja akamrukia kijana, akambamiza ukutani hadi mabati yakalia.

"Imesema! Si umeona na macho yako?"

"Nimesema mwache! Siku hiyo huyu alikuwa leba! Mimi ndiye nilimsukuma na mkokoteni mpaka hospitali, barabara imejaa matairi yanawaka. Nilisimama mlangoni mpaka nikasikia mtoto. Atamkataje mtu Kiminini?"

"Basi kompyuta inadanganya," kijana akasema kwa sauti ndogo.

"Haidanganyi," Waruguru akasema kutoka sakafuni, ameubana mkono. "Haijui. Mnapiga mtu mbele yake, yeye anachemka, na yenyewe inadhani ni ndiyo."

Gachanja alimtazama Kimeli, akaitazama kompyuta, akamtazama ndugu yake.

"Sasa ni nani?" akauliza. "Niambieni. Nani nitamuua?"

Basi akainua panga akaishukia kompyuta. Kioo kikalipuka. Akapiga tena, na tena, cheche zikiruka, akilia kwa sauti kama mtu anayezika, mpaka pakabaki waya na vipande. Kisha akaikata kamba ya Kimeli, akatoka bila kugeuka, na vijana wakamfuata mmoja mmoja.

Kimeli alijikokota akakaa miguuni pa Kabiru, mikono imevimba kama si yake. Waruguru alijifunga kitambaa kwenye jeraha, akamchukua Nyambu, akamtuliza. Alimtazama mume wake, ambaye sasa hakuwa tena na ndiyo wala hapana, na uchungu wa hilo ulizidi ule wa mkono.

Hata hivyo alipiga magoti. Akavibandua vile vyuma kimoja kimoja kutoka kichwani, akavifuta damu na jeli kwa upindo wa leso, akavifunga fundo. Vilikuwa vizima. Jumamosi angevipeleka Bungoma.

"Ndoo hii hapa," akamnong'oneza Kabiru. "Vuta polepole." Pumzi yake ikaanza kushuka. "Mukhisa ataunda ingine. Na safari hii tutaifundisha hasira yako kwanza, iijue, ndipo tuifundishe ndiyo."