Kadi za Droo ya Kumi na Nne

Kila siku saa mbili asubuhi, kabla wakubwa hawajafika, mjane alifuta makabati ya ofisi ya kamusi kwa kitambaa chenye unyevu, akianzia kushoto. Jumatatu ile droo ya kumi na nne ilikataa kufunguka. Akamtaja Mungu, akaivuta kwa mikono miwili, ikaanguka na kuvunja kigae. Ndani mlikuwa na kadi kumi na tisa tu.

Zilikuwa za kitenzi kimoja cha Kiingereza, "bear", ambacho marehemu mumewe, mwandishi wa kadi katika ofisi hiyo, alihangaika nacho miaka sita. Aliwahi kumweleza wakiwa mezani: mzizi wake wa kale ni kubeba, basi. Watu wakabeba mimba, kikawa kuzaa. Wakabeba taabu, kikawa kuvumilia. Wakabeba waliyoyaona hadi mbele ya hakimu, kikawa kutoa ushahidi.

"Maneno nayo yana ukoo, mama," alisema. "Ukikuta kitukuu, mtafute babu yake."

Mjane aliishia darasa la saba, lakini hilo alilishika.

Tangu mumewe afariki, kila kadi aliyoiandika ilikuwa imechukua hali ya maana yake. Ya mzigo ilikuwa nzito kama mfuko wa saruji. Ya kuzaa matunda ilichipua, na katibu muhtasi alichuma malimau mawili ya chai yake. Ya kuvumilia ilitoka jasho, ikawekewa sahani. Seremala aliitwa, akaiongezea droo misumari.

Utaratibu wa ofisi ulikuwa huu: aandikaye kadi hutia herufi za jina lake pembeni, na kwa herufi hizo hupangwa majina ya ukurasa wa kwanza wa kamusi. Kadi ikichakaa hunakiliwa, na anayenakili hutia herufi zake. Baada ya mazishi, Mhariri Mkuu alinakili kadi zote za marehemu, hata zisizochakaa. Nakala hizo zilikuwa nyepesi mno. Feni ikiwashwa zilipaa, na mjane ndiye aliyeziokota.

"Shemeji," alimwambia Mhariri, ambaye alikuwa rafiki wa mumewe, "jina lake liwekwe. Mstari mmoja tu, hata kule chini kabisa."

"Shemeji nawe! Kwani mimi nimemkana? Kadi zina herufi zangu."

"Za zamani zina zake."

"Za zamani nani atazinyanyua? Mpiga chapa aje na winchi?"

Alhamisi mpiga chapa alikuja kuchukua nakala. Mhariri alipokuwa akitafuta kalamu, kadi ya ushahidi ilianza kusema kutoka droo ya kumi na nne, kwa sauti ya mwalimu anayeita majina darasani. Ilimtaja marehemu kwa majina yake matatu. Ikaeleza kadi baada ya kadi, zote kumi na tisa, ipi iliandikwa tarehe gani, na ipi aliiandika akiwa na homa. Mpiga chapa alivua kofia. Katibu muhtasi alizima feni ili wasikie vizuri.

"Imesema kweli," Mhariri alisema ilipomaliza. "Hapa hakuna anayebisha." Akatia sahihi. "Haya, chukua hizi nyepesi."

Kamusi ilitoka mwezi wa nane. Mjane aliusoma ukurasa wa kwanza mara mbili, akifuatisha kwa kidole, kisha akakifunga kitabu na kukifuta vumbi.

Ikaamriwa kadi za zamani zitupwe. Walinzi wanne waliishika droo, wakaiacha palepale. Mjane akasali kidogo, akaitwika kichwani, akashuka nayo ngazi, akipumzika mara mbili.

Asubuhi bado huzifuata nakala, zilizorudishwa na mpiga chapa, zikipeperuka ofisini. Nyumbani droo iko mezani, upande aliokaa mumewe. Kila jioni, akipakua chakula, kadi ya ushahidi huanza kuita yale majina matatu. Mjane huweka upawa chini.

"Yupo," huitikia, maana si vizuri jina liitwe likose wa kuliitikia.