Kusujudu Mara Mia na Nane

Mume wangu ana ugonjwa wa kuamua mambo peke yake. Juzi kaja na jipya: tuuze nyumba, tuhamie Seoul kwa mwanetu Jungha, ghorofa ya kumi na tisa, lifti mlangoni. Ati magoti yangu yamekwisha.

"Magoti ya nani?" nikamuuliza. "Haya haya yanayobeba mitungi yako ya kabichi chachu, kimchi?"

"Mama Jungha, jana umeshuka ngazi kinyumenyume."

Nikawaka. Nikamwambia kesho twende hekaluni, nitasujudu mara mia na nane bila kupumzika. Nikimaliza, hatuhami. Nikishindwa, mizigo nitafunga mwenyewe. Akakubali upesi mno, nikajua huyu ameshajiona Seoul.

Hekalu letu liko juu kabisa mlimani, na waliolijenga miaka elfu iliyopita walikuwa na miguu mizima. Ngazi zote nilipanda nikiimba, asisikie ninavyougulia.

Ukumbini, mbele ya Buddha, mume wangu akakaa akiegemea ukuta, na tasbihi yake ya shanga mia na nane. Nikisujudu mara moja, anasogeza shanga moja.

"Usinipunje," nikamwonya.

"Mbele ya Buddha? Sujudu, mama, acha maneno."

Thelathini za kwanza, mchezo. Hamsini, jasho. Kufika sabini magoti yalikuwa yanalia, mpaka mtawa aliyekuwa anafuta vumbi akageuka kunitazama. Nilimkodolea macho, akarudi kwenye kazi yake.

Ya themanini na tisa nikainama, paji la uso likagusa mkeka, mwili ukagoma kuinuka. Niliogopa, sifichi. Niliona shamba langu la vitunguu saumu na majirani wa miaka arobaini, vyote vinakwenda. Machozi yakanitoka. Bahati nzuri uso ulikuwa chini.

"Mia na nane," akasema Baba Jungha.

Nikageuza kichwa. Ameshika shanga ya mwisho, hata hanitazami. Na mimi nilikuwa nahesabu moyoni, moja baada ya moja. Mtu huyu hajawahi kuiba hata kwenye karata.

"Una hakika?"

"Tangu lini nikakosea hesabu? Inuka, wali wa watawa unapoa."

Akanipa mkono, nikaushika.

Wakati wa kushuka alisimama kila baada ya ngazi kumi, akidai pumzi imemwishia, umri huu jamani. Nikamwacha adanganye. Nilimpenda siku ile kuliko siku aliyonioa.