Sauti ya Tamar kwenye Kinanda cha Kanda

"Jephté, unapiga ngoma ao unaua nyoka?"

Jephté alisimamisha vijiti hewani, akacheka, akajipangusa jasho kwa mkono wa shati. Tulikuwa tumemtoa nje, barazani, yeye na ngoma kubwa ya fanfare, bendi ya zamani ya reli, tumboni mwa ngoma tumeshindilia blanketi, kwa sababu ndani ya chumba cha kwaya mshindo wake ulimeza kila kitu. Hata huko nje ulikuwa bado mkubwa. Tshimanga, fundi wetu aliyemtania, aliurudisha mlango nusu, akasikiliza, akaufungua tena upana wa kiganja.

"Pale. Muntu asiguse mulango."

Hivyo ndivyo tulivyochanganya sauti Kamina, mwaka wa tisini na tisa. Hatukuwa na mashine ya kuongeza hiki na kupunguza kile. Tulikuwa na redio-kaseti mbili, kipaza sauti kimoja kilichoning'inia kwenye boriti, na miguu yetu. Kilichozidi kilirudishwa nyuma, hata mpaka kwenye magunia ya mahindi. Kilichopungua kilisogezwa mbele. Ndege za jeshi zilipopita kwenda Base, kambi ya jeshi, tulikaa kimya mpaka zitue, kwa maana kanda ilikunywa chochote kilichokuwa hewani.

Mimi nilikaa kwenye kinanda. Niliacha shule darasa la tano, mwaka ambao walimu waligoma, na tangu hapo sikuwa mtu wa kusema. Nikitumwa kumwita mtu, nilisimama mlangoni kwake mpaka anione mwenyewe. Kwaya nzima ya parokia yetu ya Wametodisti iliimba, mimi nilipanga mabenchi. Lakini Tshimanga alinitazama mikono siku moja, akasema, "Weye Mira, vidole yako haigombane na muntu. Kaa hapa."

Kinanda kile kilihitaji vidole vya namna hiyo. Kiliachwa na mmisionari mmoja, kizito kama kabati, na chini ya kila kibonyezo chake, tulichokiita kidole, palilala kipande cha kanda ya sauti. Ukibonyeza, gurudumu linavuta kile kipande, na sauti iliyorekodiwa juu yake inatoka. Unapata pumzi mbili tatu tu, kisha kanda inafika mwisho na sauti inakatika. Ukiachia, springi inairudisha mwanzo. Ukibonyeza kwa hasira, sauti inatetemeka kama mwenye homa.

Kanda za kwanza zilikuwa na vinanda vya Ulaya, lakini unyevu uliziozesha. Ndipo Tshimanga alipokata kanda mpya na kuwaita akina mama wa kwaya, mmoja mmoja, kila mtu na noti yake. Kidole hiki kilikuwa Mama Ngalula, mke wake. Kile kilikuwa mama yangu, Mwenze. Umeme ulipokuwa mzuri waliimba kama walivyo. Ulipolegea, gurudumu lilichoka na wote wakashuka chini kwa pamoja, wakawa wazito kama wanaume, na Jephté alilazimika kuimwagia ngozi ya ngoma maji ili ishuke nao. Ukirudi, aliikausha tena kwa moto wa majani.

Na kidole kimoja, karibu na katikati, kilikuwa yaya yangu, dada yangu mkubwa Tamar.

Aliimba noti ile akiwa na haraka, kitambaa cha kichwa kimelegea, kwa sababu mume wake alikuwa amehamishiwa Kabalo kazi ya reli na mizigo ilikuwa tayari kituoni. Alinibana shavu akaniambia, "Yaya yako anabakia humu. Ukinikosa, bonyeza." Mwaka uliofuata vita vikafika Kabalo. Njia ikakatwa. Hakuna treni, hakuna barua, hakuna mtu aliyekuja kwa miguu akasema nimemwona.

Baba yangu, Papa Nahum, alikuwa karani wa shule, mtu nadhifu, wa kukunja shati lake mwenyewe. Kila jioni alipotoka kazini alipitia chumba kile, akabonyeza kidole kimoja tu, akasikiliza mpaka sauti ikatike, akavaa kofia, akaenda nyumbani. Alifanya hivyo mpaka Tshimanga alipofungua kifuniko na kumwonyesha vumbi la rangi ya kutu chini ya kidole kile.

"Hii njo sauti yenyewe, Papa Nahum. Inabanduka. Na hapa kanda inapasuka. Inaweza kuvumilia mara moja. Mara mbili, minyi siahidi."

Baba alifunga kifuniko taratibu. Kesho yake tulikuta kidole cha Tamar kimefungwa uzi mweusi, mizunguko mingi, kimeshikamana na mbao. Akamwambia kila mmoja wetu kwa adabu kwamba kisiguswe. Tangu hapo alipita mbele ya chumba bila kuingia.

Sasa kwaya ilitaka kaseti. Mchungaji alikuwa amepata nafasi katika ndege iliyokuwa inakwenda Lubumbashi, ambako watu wetu wengi walikuwa wamekimbilia, na tulitaka wasikie kwamba tuko. Wimbo tuliouchagua uliishia kwenye noti ya Tamar. Tulijaribu kuuanzia chini zaidi, wanaume wakakwaruza koo. Tulijaribu kuuanzia juu, kukawa hakuna kanda nzima upande ule. Tshimanga akaenda kwa baba kuomba: abonyeze mara moja, arekodi ile noti kwenye kaseti, na baada ya hapo tutumie kaseti.

Nilikuwa jikoni nikichambua matembele. Baba alijibu, "Na ikikatika?"

"Itakatika ikiwa imeisha kuimba, Papa."

"Hapana. Kile njo kitu chake kinabakia. Minyi sitamumaliza mutoto yangu kwa mukono yangu."

Mama alikuwa anakoroga bukari, ugali wetu. Hakugeuka.

"Nahum. Tangu ulimufunga uzi, ulimusikia?"

"Iko salama."

"Nakuuliza, ulimusikia?"

Baba alishika kofia yake. Mwiko ulikwaruza sufuria.

"Tamar hakuwa muntu wa kuimba peke yake," mama akasema. "Hata kwa kufua alikuwa anaita wengine. Weye ulimuweka peke yake jioni zote zile, kisha ukamufunga. Wenzake banaimba, yeye iko anawasikiliza."

Baba aliondoka bila kula. Nilidhani amekasirika. Asubuhi nilipofika chumbani alikuwa amenitangulia, amepiga magoti mbele ya kinanda, anakata uzi kwa wembe, polepole, kama mtu anayeondoa mshono wa jeraha.

"Bonyeza weye, Mira," alisema. "Weye vidole yako haigombane."

Tshimanga aliweka kaseti mpya. Nilibonyeza. Tamar akatoka, amekwaruzwa, mwembamba, na nyuma yake mchakacho kama mvua ya mbali juu ya bati. Akaimba mpaka mwisho wake. Nilipoachia, springi ilivuta, nikasikia ndani ya mbao mlio mdogo, tak. Sote tulijua kanda imekatika. Baba alitazama sakafu. Miaka baadaye njia ya Kabalo ilipofunguliwa, habari ya msiba tuliyoletewa haikumwangusha chini. Nafikiri alikuwa ameshaanguka siku hii, mbele ya kinanda.

Alasiri tuliunganisha wimbo. Jephté barazani na ngoma yake, wanaume wa kwaya ukutani, mimi kwenye kinanda, redio moja ya kurekodi. Redio ya pili, yenye Tamar, baba aliishika kifuani na hakutaka kumpa mtu. Tshimanga alimweka mbele kabisa, chini ya kipaza sauti.

"Hapana," mama akasema kutoka mlangoni. "Tamar hakuwa nasimama pale. Alikuwa mustari wa pili, nyuma ya Ngalula."

Baba akarudi nyuma hatua moja. Mama akatikisa kichwa. Akarudi tena, mpaka mgongo wake ukagusa magunia, na mama akakubali.

Tukaanza. Umeme ulikuwa mzuri, kisha karibu na mwisho ukalegea kidogo, na akina mama wote chini ya vidole vyangu wakashuka kidogo. Redio ya baba ilitumia betri. Yeye alibonyeza kwa wakati wake, Tamar akaingia, na hakushuka na wenzake. Alibaki juu yao kwa unywele mmoja. Jephté alipiga pigo la mwisho.

Tshimanga alikunja uso. "Ameenda juu. Tutarudia, tungojee umeme."

Mama Ngalula, aliyekuwa amekuja kusikiliza, alishika mdomo. Mabega yake yakaanza kucheka kabla yake.

"Lakini alikuwa naenda juu! Kila Siku ya Mungu, kanisani! Nilimufinya mara ngapi kwa kiuno!"

"Alikuwa ananiuma masikio," mama akasema, naye anacheka, machozi yanamtoka, "na ukimuambia, anasema sisi njo tuko chini."

Tulicheka sote, hata mimi, kwa sauti, mbele ya watu. Tshimanga akainua mikono. "Basi, iko vile iko. Imekwisha. Nazima."

"Usizime," baba akasema.

Alikuwa bado amesimama kwenye magunia, redio kifuani, kidole chake tayari kinairudisha kaseti nyuma.

"Turudie."

"Papa Nahum, hakuna kosa ya kutengeneza."

"Najua," baba akasema. "Jephté, piga."