Jukwaa la Mataruma

Kile kituo kati ya Thika na Ruiru kilijengwa kiwe cha muda: mataruma makuukuu ya reli yakapangwa, yakamwagiwa changarawe, basi. Miaka ikaenda. Wangeci, fundi wa yunifomu katika duka la Daksha kule Ruiru, alikipenda kuliko abiria wote, kwa maana jukwaa lake lilikuwa sawasawa na mlango wa treni. Kiti chake cha magurudumu kiliingia bila kuomba mtu mkono.

Sasa kituo chenyewe kimekamilika, hapo jirani. Kizuri, usiseme! Vigae, saa kubwa, na ngazi. Ngazi tupu! Yaani watu wazima walikaa wakachora kitu kama hicho na hakuna aliyejikuna kichwa.

Asubuhi ya kuhama, msimamizi wa ujenzi, Gichuru, alileta vijana na nyundo kubomoa jukwaa. Akamkuta Wangeci katikati yake, breki za kiti amefunga.

"Madam, hii ilikuwa ya muda tu."

"Nimeolewa nikitumia hii ya muda, nikazaa. Hiyo yenu mpya nitaipandaje?"

"Hawa vijana watakuwa wanakubeba."

"Kunibeba!" Wangeci aliwaka. "Kila siku, mbele za watu, kama gunia la waru, kama viazi vya sokoni? Ngai! Beba mama yako kwanza, halafu uje tuongee."

Treni ikafika, ikasimama pale mara ya mwisho. Gichuru akamwonyesha mlango kwa adabu nyingi mno, na Wangeci akamsoma: akipanda tu, nyundo zinaanza. Asipopanda, kazi yake kwa Daksha iko hatarini. Treni ikaondoka, yeye yupo pale pale. Akampigia Daksha.

"Leo sikuji. Nikitoka hapa, sitafika huko tena. Nitumie cherehani ya mkono na vitambaa."

"Sketi za shule zinangojewa," Daksha akasema. "Natuma."

Mzigo ulikuja kwa treni, ukashukia kituo kipya. Vijana wa Gichuru ndio walioteremsha cherehani kwenye zile ngazi, jasho likiwatoka, wakimlaani aliyezijenga.

Wangeci akaiweka mapajani, akatunga uzi. Gichuru alisimama akimtazama, amechoka.

"Utakaa hapa mpaka lini?"

"Si wewe ndiye unajenga?" alisema Wangeci, akizungusha mkono wa cherehani. "Niambie wewe."